Nikupe Nini?

Kuna suali niliulizwa Kasulu nikalijibu upesi, na kwa kulijibu upesi nikamliza mtoto wa watu. Nimerudi nalo kisiwani, na kila nikikaa kuandika beti hunijia lenyewe kwanza. Nimeona afadhali niliweke mbele ya wasomaji wa kurasa hizi, ambao wamezoea kuyapima maneno, wanisaidie kulipima.

Kasulu ni mji wa nyanda za juu za Kigoma, katika nchi ya Waha. Kwa sisi tuliozaliwa mahali ambapo ukigeuka huku ni bahari na ukigeuka kule ni bahari, ule ni ulimwengu mwengine: vilima juu ya vilima, migomba, maharage yaliyoanikwa uani, na baridi ya asubuhi ya mwezi wa Julai inayomfanya mtu wa pwani alale na koti. Mtoto wa dada yangu anasomesha huko darasa la awali, lile ambalo wengi wetu tumelizoea kwa jina la chekechea. Nilipanda basi kutoka Kigoma mjini kwenda kumtazama, nami sikuwa na shughuli nyengine ila kula dagaa wa ziwani na kumaliza tafsiri niliyokuwa nimeikawiza.

Usiku wa pili aliniambia kwamba keshokutwa angewapeleka watoto wake dukani. Hufanya hivyo kila mwaka. Si safari ndefu. Duka lenyewe liko hatua chache kutoka lango la skuli. Kila mtoto huambiwa aje na shilingi 100. Hujipanga mstari, humwamkia mwenye duka, hutaja anachokitaka, hulipa, hushukuru, hurudi. Katika matembezi hayo mafupi mna hesabu, mna lugha na mna adabu, na hakuna kitabu kinachoyakusanya yote matatu kwa bei ndogo kama hiyo.

Lakini mwaka uliopita, alisema, watoto sita walikuja mikono mitupu. Wazazi wengine walisahau, wengine hawakuwa nazo; shilingi 100 ni ndogo kwa aliye nayo. Mwalimu akaona vibaya kuwaacha nyuma, akawachukua. Walipofika, mwenye duka, mama wa makamo mwenye moyo mzuri, akawaona wamesimama pembeni, akachota pipi na kuwagawia. Watano walipokea na kufungua. Wa sita, binti wa miaka mitano, aliitazama ile pipi, akainyanyua kwa ncha za vidole na kuirudisha juu ya kaunta. Akasema, "Mimi nataka kununua."

"Mjomba," aliniuliza mtoto wa dada yangu, "wewe ni mtu wa maneno. Pipi ya kupewa na pipi ya kununua si tamu sawasawa? Yule mtoto alikuwa anadai nini? Na mwaka huu wakija wengine mikono mitupu, nifanyeje?"

Masuali yalikuwa matatu. Mimi nililijibu la mwisho tu, kwa kuwa ndilo lililokuwa jepesi. Nilimwambia, "Chukua kopo. Kila mwenye sarafu aitie humo. Wengine watakuja na 200, wengine na 500. Zivunje zote, kisha mpe kila mtoto shilingi 100 yake. Hapatakuwa na aliye nacho wala asiye nacho." Alifurahi. Nami nililala nikijiona mwanahekima.

Siku ilipofika nilifuatana nao. Ile hesabu ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, na pungufu lililobaki nililiongeza mwenyewe. Watoto thelathini na kitu, sweta zao zimefungwa vifungo hadi kooni, walishika njia wakiimba. Mbele ya duka walitoa kwa sauti moja, "Shikamoo mama!" naye akaitikia, "Marahaba wanangu." Kisha akawaita mmoja mmoja, na kila aliyefika kaunta alimwinamia na kumuuliza neno lile lile alilowauliza wateja wake wazima: "Nikupe nini?"

Wengi walitaka pipi. Mmoja alitaka biskuti, mwengine kalamu, mwengine alisimama kimya muda mrefu mpaka mstari ukaanza kunung'unika, kisha akataka pipi kama wenziwe. Binti mmoja miongoni mwa waliokuja mikono mitupu alisema, "Chumvi." Mwenye duka akampimia chumvi ya shilingi 100 akaifunga katika karatasi. Nilikaribia kutokwa na machozi, kisha nikajizuia, maana sisi washairi tuna maradhi ya kuona maana kubwa katika kila fundo la karatasi. Huenda mtoto yule alitaja chumvi kwa sababu ndiyo anayotumwa kila siku, na ulimi wake umezoea kwamba mbele ya kaunta husemwa "chumvi". Ala kulli hali, alirudi skuli ameishika kwa mikono miwili.

Mwisho wa mstari alikuwapo mvulana anayelia. Mama yake alimpa sarafu ya shilingi 200, ile yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na simba wawili upande wa pili. Alikuja nayo njia nzima ameifumbata. Sasa kiganjani mwake palikuwa na shilingi 100 yenye swala. Mwalimu alimweleza kwamba ile yake imewasaidia wenzake. Mimi nikajaribu kumchekesha. Hakuchekeshwa. Mwenye duka alipomuuliza, "Nikupe nini, baba?" alijibu kwa kwikwi, "Simba wangu."

Hapo ndipo nilipoanza kuyafikiria yale masuali mawili niliyoyaruka.

Tuanze na la kwanza: anayepewa na anayenunua wamepata kitu kimoja? Kwa ulimi, naam. Sukari haijui imefikaje kinywani. Lakini lugha yetu inajua zaidi. Neno "bei" tumelitoa katika Kiarabu, na huko asili yake si idadi ya fedha. Ni tendo lenyewe la kuuziana, mapatano ya watu wawili, mmoja akitaka na mwengine akiridhia. Sisi tumelipunguza likawa ni shilingi ngapi. Na "thamani", ambayo huko ilikuwa ndiyo bei kwa maana yetu ya leo, tumeipandisha ikawa ubora na heshima ya kitu. Mfasiri hujifunza kutoyapuuza mageuzi ya namna hii. Ukiirudisha bei katika maana yake ya zamani, utamwelewa yule binti: hakuwa akiidai pipi, alikuwa akiyadai mapatano. Alitaka kuwa mmoja wa wale wawili.

Msomaji wa pwani ataniambia kwamba mtoto wa miaka mitano hana mapatano. Ni kweli, na wanazuoni walikwishalizungumza hilo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea kwetu, bei ya mtoto asiyebaleghe haisihi hata akiwa mwerevu. Katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, mtoto anayeweza kupambanua mambo huruhusiwa kwa idhini ya walii wake. Na pamoja na hayo hakuna mtaa wa pwani usiomtuma mtoto dukani. Aghlabu tunajiambia kwamba mtoto aliyetumwa hanunui. Anayenunua ni mama yake, naye ni mkono wa mama uliorefuka hadi kaunta. Sawa. Lakini hiyo ndiyo tafauti ya matembezi yale ya chekechea. Siku ile hakuna aliyetumwa. Pengine kwa mara ya kwanza katika umri wao, kila mmoja alisimama dukani kwa niaba ya nafsi yake. Ukimwambia mmoja wao, "Wewe pokea tu," umemwambia kwamba yeye peke yake bado ni mkono usio na mwenyewe.

Basi je, heshima imo katika sarafu? Hivyo ndivyo nilivyodhani nilipolitaja kopo. Nilidhani kwamba tukimtia kila mtoto sarafu mkononi, tumemtia na heshima yake. Nina sababu mbili za kuona sasa kwamba nilikosea.

Ya kwanza ni kumbukumbu ya kwetu. Wa rika langu visiwani wanaikumbuka foleni. Kabla ya milango ya biashara kuanza kufunguliwa mwaka 1984, mchele, unga na sukari vilikuwa vya mgao, na mimi nilikuwa mtoto wa kusimamishwa foleni. Fedha nilikuwa nazo, zimelowa jasho katika ngumi. Nilipofika dirishani sikuulizwa ninataka nini. Niliulizwa tuko wangapi nyumbani. Nilipimiwa, nikalipa, nikaondoka. Kwa hisabu ya daftari, nilinunua. Lakini nakumbuka vyema kwamba sikuwa na hisia ya mtu aliyenunua. Nilikuwa mtu aliyehesabiwa.

Sababu ya pili iko katika wilaya ile ile ya Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa huko mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita vya Kongo, na kuanzia 2015 ikapokea pia Warundi kwa maelfu. Kwa miaka mingi chakula cha watu wale kilikuwa mgao: unga wa mahindi, kunde, mafuta, chumvi. Mwishoni mwa 2016 ulianzishwa mpango wa kuwapa baadhi yao fedha taslimu wakajinunulie wenyewe, na mwaka 2017 serikali ikausimamisha. Siandiki haya ili kumhukumu mtu. Nchi yetu imewapokea wageni wengi kuliko nchi nyingi tajiri, na anayetoa unga amemwondolea mwenziwe njaa, jambo ambalo mashairi yangu hayajawahi kulifanya. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu anaweza kushiba miaka ishirini bila ya kuulizwa hata siku moja, "Wewe unataka nini?"

Ndiyo maana nimeachana na sarafu na kulishika lile neno la mwenye duka. "Nikupe nini?" ni suali la silabi chache, tunalisikia kila siku mpaka hatulisikii tena. Ndani yake mna mambo matatu. Limekiri kwamba uliye mbele yangu una haja yako, ambayo mimi siijui mpaka uitaje. Limekupa nafasi ya kusema hapana. Na limeniweka mimi mwenye mali katika hali ya kungoja. Yule binti wa mwaka uliopita alinyimwa yote hayo kwa wema mtupu. Mkono uliingia ndani ya chombo na kutoka na pipi kabla hajafungua mdomo.

Ikiwa ndivyo, basi hata kutoa bure kunaweza kubeba heshima ile ile, mradi kutanguliwe na suali. Marehemu bibi yangu hakuwa na duka wala mali. Lakini hakumwandalia mtu kitu kabla ya kumuuliza, "Nikupe chai au uji?" Aliuliza hivyo hata siku ambazo sote, na mgeni pamoja, tulijua kwamba majani ya chai yamekwisha. Mgeni alijibu, "Uji, bibi," na uji ukaja kama kitu alichokichagua. Wapo watakaouita huo unafiki. Mimi nimeuona kuwa ni adabu ya hali ya juu: wawili wanashirikiana kumstahi mmoja.

Sikatai kwamba suali lina mpaka wake. Mwenye njaa ya siku tatu haulizwi; hulishwa. Wahenga waliuweka mpaka huo katika methali tunayoitumia vibaya kila siku: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumeifanya kuwa methali ya kumfukuza mgeni. Lakini aliyekwisha kufukuzwa hapewi jembe. Jembe hupewa mtu wa nyumba. Siku mbili za mwanzo tunamlisha bila ya kumuuliza, kwa kuwa amechoka na haja yake inaonekana. Ya tatu tunamtambua kuwa ana mikono na ana rai, na kuendelea kumlisha kama mtoto mchanga kungekuwa ni kumdhili. Udhia wa dunia yetu ni kwamba wako wageni waliowekwa katika siku ya pili kwa miaka ishirini.

Hapo ningeweza kuhitimisha, nikaonekana nimesema neno. Lakini yule mvulana bado analia.

Kwani nini kilichotendeka kwake? Hakupoteza mali nyingi. Alipata pipi sawa na wenziwe, na shilingi 100 yake nyengine iliingia katika mkono wa mwenziwe asiyekuwa nayo. Ukiichukua mizani ukaipima asubuhi ile, utasema haki imetendeka. Lakini kumbuka: wale waliokuja mikono mitupu tuliwauliza, "Nikupe nini?" Yeye hatukumuuliza, "Nichukue?" Niliyatengeneza mapatano kwa upande mmoja kwa kuyavunja kwa upande wa pili. Na si kwamba alikuwa bahili. Hatukupata kujua kama ni bahili au karimu, kwa kuwa hatukumpa fursa ya kuwa kimojawapo. Mtu hawezi kutoa kilichokwisha kuchukuliwa.

Nchi ya Waha imepata kuyaona makopo makubwa zaidi kuliko langu. Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa ile iliyohamishiwa vijijini mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi katika vijiji ni lazima kwa nchi nzima. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka duka la mtu binafsi lifungwe na mahali pake pawe duka la kijiji au la ushirika. Bidhaa zikaadimika, na muda si muda operesheni ikasitishwa. Sisemi kwamba nia ilikuwa mbaya. Nia ilikuwa ile ile ya kopo langu: asiwepo anayesimama pembeni mikono mitupu. Na wapo waliopata skuli na zahanati ambazo wazazi wao hawakuziota. Lakini waliobomolewa nyumba zao wakahamishwa hawakuulizwa, na wengi wa waliofungiwa maduka hawakuulizwa. Miaka hamsini baadaye, mimi, niliyejisomesha kwa vitabu vya kuazima na kuzikosoa siasa hizo katika zaidi ya shairi moja, nimepewa uwezo mdogo kabisa, uwezo wa kopo moja la maziwa ya unga, nami nikafanya vivyo hivyo. Na nililala vizuri.

Jioni ile nilimwambia mtoto wa dada yangu kwamba nimekosea. Nilimwambia: mwakani usichukue sarafu za watu kabla ya kuuliza. Wakae duara, kopo liwe katikati, na wewe useme: wenzetu wengine hawana, nani angependa kuwatilia? Anayetaka atie, asiyetaka aketi na yake, na asisemwe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye amekaa na watoto kumi na miwili ya miaka, mimi nimekaa na kamusi. Akaniuliza, "Na kama hakuna atakayetia, mjomba?"

Nikamwambia kwamba atakuwa walau ameijua hali ya darasa lake, naye ana mwaka mzima wa kulifunza.

"Hilo ni jibu langu mimi mwalimu," alisema. "Aliyesimama pembeni asubuhi ile, utamjibu nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Naweza kusema kwamba mwalimu atie mfukoni mwake, na hakika ndivyo atakavyofanya, kama nilivyofanya mimi siku ile kulifidia pungufu. Lakini hiyo ni subira ya mtu mmoja mwenye mshahara mdogo; haiwezi kuwa kanuni ya ulimwengu. Nikisema alazimishwe mwenye 200, simba wale watanililia masikioni. Nikisema aachwe asiye nayo, nitamwona yule binti akiirudisha pipi juu ya kaunta kwa ncha za vidole. Kati ya vilio hivyo viwili nimekaa, na sioni kwamba kimoja ni cha haki na kingine ni cha utoto.

Nimebakiwa na jambo moja tu nililo na hakika nalo, nalo ni dogo. Asubuhi ya kuondoka nilipita pale dukani kununua maji ya safari. Mwenye duka alikuwa akimpimia mzee mmoja sukari. Alipomaliza alinigeukia, akainama kidogo kama alivyowainamia watoto, akaniuliza neno lake. Kwa mara ya kwanza katika umri wangu wa miaka hamsini na zaidi, nililisikia, nikalifikiri kabla ya kulijibu.